Mwongozo Kamili wa Kuipata Galaksi ya M83 na Kuuona Upau Wake

Wanaoniuliza kuhusu M83 huleta malalamiko mawili. La kwanza: "Nimezungusha darubini eneo lote, sikuona kitu." La pili: "Nimeipata, lakini ni doa tu. Ule upau na ile mikono ya kwenye picha iko wapi?"

Ni nadra kosa kuwa la darubini. Mara nyingi mtu ametoka saa isiyofaa, ameanzia kwenye nyota isiyo sahihi, au ameiangalia galaksi kwa dakika moja kisha akakata tamaa. Mambo hayo matatu yana dawa, na dawa yake ni kufuata mpangilio.

M83 ni galaksi ya spirali yenye upau, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 15. Imetugeuzia uso karibu wote, na ndani yake nyota zinazaliwa kwa wingi hadi leo. Upau ni ule mstari mnene wa nyota unaopita katikati, na mikono inaanzia kwenye ncha zake. Gesi husafiri kupitia upau huo kuelekea kitovuni, ikarundikana huko, ikawa malighafi ya nyota mpya. Ndiyo maana lengo la mwongozo huu ni kuuona upau. Kuipata galaksi ni nusu ya kazi.

## Vifaa

- Darubini ya macho mawili, 7×50 au 10×50. Usiiache nyumbani hata kama una darubini kubwa, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha njia.
- Darubini yenye kioo au lenzi ya kipenyo cha milimita 150 au zaidi. Kwa milimita 100 utaiona galaksi bila shida, ila upau utakuwa mgumu. Milimita 200 hadi 250 ndicho kipimo kizuri.
- Lenzi mbili za jicho: moja ya ukuzaji mdogo (mara 30 hadi 50) na moja ya wastani (mara 70 hadi 100).
- Ramani ya anga, ya karatasi au ya programu. Toleo la kompyuta la Stellarium halilipiwi na linatosha kabisa.
- Taa nyekundu hafifu.
- Kiti. Jicho la mtu aliyeinama na kutetemeka halioni vitu hafifu.
- Penseli laini, kifutio, na karatasi yenye duara lililochorwa tayari.

Vifaa vya kupiga picha nitavitaja kwenye hatua yake, maana si kila msomaji anavihitaji.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, usiku na saa

M83 hufikia kilele chake cha juu angani karibu saa sita usiku katikati ya Aprili. Kila mwezi unaopita, kilele hicho huja mapema kwa takriban saa mbili: saa nne usiku katikati ya Mei, saa mbili usiku katikati ya Juni. Ukitaka kuanza msimu mapema, katikati ya Machi inabidi usubiri hadi saa nane usiku.

Toka saa moja na nusu kabla ya kilele na uendelee hadi saa moja na nusu baada yake. Kitu kilicho chini karibu na upeo hupitiwa na hewa nene, na hewa hiyo hula mwanga hafifu kwanza. Kitovu cha galaksi kinaweza kupenya, mikono haipenyi.

Mahali ulipo pana uzito mkubwa hapa. M83 iko karibu nyuzi 30 kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Aliye kwenye ikweta ya dunia ataiona ikipanda hadi nyuzi 60 juu ya upeo wa kusini. Aliye nyuzi 30 kusini ataiona ikipita utosini. Aliye nyuzi 50 kaskazini haitamzidi nyuzi 10, na kwa kweli simshauri apoteze usiku wake kuutafuta upau kutoka huko.

Mwezi usiwe angani. Hata Mwezi wa robo unatosha kuifuta mikono ya galaksi. Panga safari yako ndani ya siku tano kabla au baada ya mwezi mwandamo, au hakikisha Mwezi umeshatua.

## Hatua ya 2: Andaa darubini na macho

Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kuanza. Kioo chenye joto la ndani ya nyumba huzalisha mawimbi ya hewa ndani ya mrija, na mawimbi hayo huvuruga vitu vidogo na hafifu.

Ielekeze kwenye nyota yoyote angavu, kisha usogeze kifaa cha kulenga hadi nyota iwe katikati kote kuwili: kwenye kilengeo na kwenye lenzi ya jicho. Usiiruke kazi hii. Kilengeo kilichopotoka kwa nyuzi moja kinatosha kukunyima M83 usiku mzima, nawe utadhani anga ndiyo mbaya.

Sasa yape macho yako giza. Dakika 20 hadi 30 bila taa nyeupe, bila simu. Mtazamo mmoja wa kioo cha simu unakurudisha mwanzo. Kama unatumia programu ya ramani, weka hali ya usiku yenye rangi nyekundu na ushushe mwanga hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Ipate nyota ya Menkent

Hapa ndipo wengi hupotelea. M83 iko ndani ya kundinyota Shuja, ambalo ramani nyingi huliita Hydra, karibu kabisa na mpaka wake na Kantarusi, yaani Centaurus. Shuja ni kundi refu lenye nyota hafifu, na ukianza kutafuta ndani yake utazunguka bila alama. Anzia Kantarusi, kwenye nyota iitwayo Menkent.

Fanya hivi:

1. Tafuta Salibu, ule Msalaba wa Kusini. Mashariki yake kuna nyota mbili angavu zilizo jirani. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ndiyo Rijili Kantori, yaani Alpha Centauri.
2. Tafuta Spika, nyota angavu nyeupe-buluu ya kundinyota Mashuke, upande wa kaskazini. Kama hujaizoea, litafute kwanza umbo la pembenne la kundinyota Corvus. Upande wake wa kaskazini ukiuendeleza kuelekea mashariki unakufikisha kwenye Spika.
3. Vuta mstari wa kufikirika kati ya Rijili Kantori na Spika. Karibu na katikati ya mstari, ukisogea kidogo mashariki, kuna nyota ya wastani yenye rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo Menkent.

Kupima umbali, nyoosha mkono na ukunje ngumi. Upana wa ngumi ni takriban nyuzi 10. Kutoka Spika hadi Menkent ni karibu ngumi tatu, na kutoka Menkent hadi Rijili Kantori ni ngumi mbili na nusu.

Onyo. Magharibi mwa Menkent, kwa umbali wa karibu ngumi moja, kuna nyota nyeupe iitwayo Iota Centauri. Ni hafifu kidogo kuliko Menkent na iko karibu kwenye kimo kile kile. Ukianzia hapo, kila hatua inayofuata itakuwa bure. Tazama kwa darubini ya macho mawili: rangi ya chungwa ni Menkent, nyeupe si yenyewe.

## Hatua ya 4: Ipime anga kwa nyota nne

Kutoka Menkent sogea kaskazini-magharibi kwa chini kidogo ya nusu ngumi. Kuna kikundi cha nyota nne zilizokaribiana: 1, 2, 3 na 4 Centauri. Zote zinaingia pamoja ndani ya duara la darubini ya macho mawili.

Kabla ya kuzitumia kama njia, zitumie kama kipimo. Ziangalie kwa macho matupu. Mwangaza wake uko kati ya magnitudo 4.2 na 4.7. Magnitudo ni kipimo cha mwangaza: namba ikiwa kubwa, kitu ni hafifu zaidi.

Ukiziona zote nne kwa macho matupu, anga yako inatosha kuuona upau kwa darubini ya milimita 200. Ukiziona mbili au tatu kwa shida, utaipata galaksi na kitovu chake, lakini usitarajie mikono. Usipoiona hata moja, jitayarishe kwa doa hafifu, au tafuta mahali penye giza zaidi. Nimeona watu wakibadilisha darubini mara kadhaa huku tatizo ni taa zilizo juu ya vichwa vyao, na inauma, maana gharama ile ingetosha kuwafikisha kwenye giza mara nyingi.

Kwa nini giza lina nguvu kiasi hiki? Mwanga wote wa M83 ukiukusanya ni wa magnitudo 7.5 hivi, kiasi ambacho nyota ya aina hiyo ungeiona papo hapo kwa darubini ya macho mawili. Lakini mwanga huo umetandazwa kwenye eneo ambalo upana wake unakaribia nusu ya upana wa Mwezi. Kila kipande cha eneo hilo kinabaki na mwanga mdogo sana, na anga iliyojaa mwanga wa taa inakizidi.

## Hatua ya 5: Ruka mara mbili

Njia hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kukariri ramani.

Katika kile kikundi cha nyota nne, itambue 3 Centauri. Nyota iliyo kusini kabisa, yenye wekundu, ni 2 Centauri. Kaskazini yake kuna mbili zilizo kwenye kimo kimoja: ya magharibi ni 1, ya mashariki ni 3. Ile ya kaskazini kabisa ni 4. Kuhakikisha, elekeza darubini kubwa kwenye 3 Centauri kwa ukuzaji wa mara 70 au zaidi. Itagawanyika kuwa nyota mbili zilizoshikana, moja angavu na nyingine hafifu. Ukiona pacha hao, uko mahali sahihi.

Sasa sikiliza vizuri: 3 Centauri iko katikati kabisa ya mstari unaotoka Menkent kwenda M83. Hivyo,

1. mruko wa kwanza ni Menkent hadi 3 Centauri, nyuzi nne na nusu;
2. mruko wa pili ni mwelekeo ule ule na urefu ule ule, kutoka 3 Centauri kuendelea kaskazini-magharibi.

Duara la darubini ya 10×50 huwa na upana wa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo kila mruko unatosha ndani ya mtazamo mmoja. Iweke 3 Centauri kwenye ukingo wa kusini-mashariki wa duara, na M83 itakuwa karibu na ukingo wa pili.

Ukiwa karibu na ikweta, umetazama kusini, na galaksi iko kwenye kilele chake, kaskazini-magharibi ni juu-kulia. Mapema usiku, galaksi ikiwa bado inapanda mashariki, ramani yote imelala upande, na "juu-kulia" haitakusaidia. Shika pande za dunia, usishike juu na chini.

Utajuaje umefaulu. Kwenye darubini ya macho mawili M83 ni duara dogo lenye ukungu, kama pumzi juu ya kioo, lenye katikati angavu zaidi. Nyota ni nukta zenye makali. Hiki hakina makali hata ukirekebisha fokasi.

Onyo. Ukitumia darubini kubwa peke yake unaweza kuangukia galaksi ndogo ya NGC 5253, iliyo karibu nyuzi mbili kusini mwa M83. Ni ndogo, imerefuka, na ni hafifu zaidi, karibu magnitudo 10. Wengine huishangilia wakidhani ule urefu ndio upau. Ukiona kidoa kirefu chembamba, sogea kaskazini nyuzi mbili.

## Hatua ya 6: Chagua ukuzaji unaofaa

Ukishaiona kwenye lenzi ya ukuzaji mdogo, iweke katikati, kisha badilisha kwenda mara 70 hadi 100.

Wengi hufanya moja ya makosa mawili. Wanabaki na ukuzaji mdogo wakiogopa kupoteza mwanga, au wanapanda hadi mara 200 wakidhani ukubwa utafichua mikono. Hesabu rahisi inasaidia: gawanya kipenyo cha darubini kwa ukuzaji, upate upana wa mwali unaoingia jichoni. Darubini ya milimita 200 kwa ukuzaji wa mara 80 inatoa mwali wa milimita 2.5. Kwa galaksi kama hii, milimita 2 hadi 3 ndipo jicho hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu anga ya nyuma inakuwa nyeusi huku galaksi ikibaki kubwa ya kutosha.

Vichujio vya kupunguza mwanga wa taa havisaidii sana hapa. Vinafaa nebula, yaani mawingu ya gesi, ambazo hung'aa kwa rangi chache. Mwanga wa galaksi ni wa mabilioni ya nyota, una rangi zote, na kichujio hukata galaksi pamoja na taa.

## Hatua ya 7: Utafute upau

Kaa. Funika kichwa na kitambaa cheusi kama kuna mwanga pembeni. Pumua kawaida, anayebana pumzi hupunguza uwezo wa jicho lake.

Jua pande kwanza. Kama darubini haina mota, iache itulie na uangalie galaksi ikisogea ndani ya duara. Inakoelekea ndiko magharibi. Kisha sukuma mrija kidogo kuelekea kaskazini ya anga. Nyota mpya zitaingia kutoka upande wa kaskazini wa duara. Bila kazi hii utakuwa unatafuta mstari usiojua umelala vipi, na darubini za vioo hugeuza picha.

Sasa tazama kwa pembeni. Usiangalie kitovu. Weka jicho kwenye nafasi kati ya kitovu na ukingo wa duara, na uache galaksi ikae pembeni mwa mtazamo wako. Seli za jicho zinazoona gizani ni chache mno katikati kabisa ya mtazamo na nyingi pembeni yake.

Tafuta kitovu kirefu. Upau wa M83 umelala kutoka kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Mwanzoni utaona kitovu kidogo kinachong'aa, karibu kama nyota isiyo na makali. Baada ya dakika kadhaa kitaanza kuonekana kimevutwa pande mbili. Mvuto huo ukiwa umeelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, huo ndio upau.

Gusa darubini taratibu. Mtikisiko mdogo huamsha jicho, kwa sababu jicho hutambua kitu hafifu kinachosogea haraka kuliko kilichotulia.

Kwenye ncha za upau ukungu hujikunja. Hapo ndipo mikono inaanzia. Usitafute mistari iliyochongoka kama ya kwenye picha. Tafuta upande mmoja kuwa mweusi kuliko mwingine: giza kati ya mkono na kitovu mara nyingi huonekana kabla ya mkono wenyewe.

Usitarajie rangi. Maeneo ya kuzaliwa nyota hung'aa kwa wekundu wa hidrojeni, na seli zinazotumika gizani karibu hazina uwezo wa kuuona wekundu huo. Kila kitu kitakuwa kijivu.

Utajuaje umefaulu. Unaweza kuonyesha kwa mkono upau umelala kuelekea wapi, na ukirudi baada ya kupumzika dakika tano unauona umelala vile vile. Kama kila ukitazama umegeuka, bado ni mawazo yako. Endelea.

Mpe M83 dakika 30 kamili. Ninasisitiza hili kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu.

## Hatua ya 8: Chora

Kuchora si kwa wasanii tu. Mkono unaolazimika kuamua mstari uishie wapi hulilazimisha jicho kuuliza swali hilo.

Anza na nyota angavu zilizo ndani ya duara, uziweke mahali pake. Kisha kitovu. Kisha upau, kwa kupaka penseli na kuisambaza kwa kidole. Mikono iwe ya mwisho, na uchore ile tu uliyoiona zaidi ya mara moja. Andika tarehe, saa, ukuzaji na pande za dunia.

Usifungue picha ya M83 kabla ya kumaliza. Ukishaiona picha, jicho litaanza kukuonyesha vitu vya kwenye picha.

## Hatua ya 9: Piga picha ya maeneo ya kuzaliwa nyota

Kwa anayetaka wekundu ule ambao jicho halioni, kamera ndiyo njia.

Vifaa. Stendi yenye mota inayofuata mzunguko wa anga, kamera yenye lenzi inayobadilishwa au kamera ya anga, na darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mahali picha inapoundwa, si kipenyo) wa milimita 400 au zaidi. Kwa lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 200, galaksi yote inachukua chini ya milimita moja kwenye kitambuzi cha kamera. Kwa milimita 750 inafika karibu milimita 2.8, na hapo upau unajitenga vizuri na mikono.

Kwa nini mota ni lazima. Galaksi husogea angani kwa kasi ambayo, kwa lenzi ya milimita 200 na kitambuzi cha pikseli za mikroni 4, ni karibu pikseli tatu kila sekunde. Stendi iliyotulia itakupa mistari.

Jinsi ya kupiga. Linganisha mhimili wa stendi na ncha ya anga (nukta ambayo anga yote huonekana kuizunguka), weka fokasi kwa nyota angavu, kisha piga picha nyingi za dakika moja hadi tatu. Lenga jumla ya saa mbili au zaidi. Chenga, zile punje punje zinazochafua picha, hupungua polepole: ukizijumlisha picha 4, chenga hubaki nusu, picha 16, robo. Ndiyo maana picha tano hazitoshi, na ndiyo maana usiku wa pili wa kazi haubadilishi picha kama ulivyofanya wa kwanza.

Usisahau picha za kusahihisha. Piga kadhaa ukiwa umefunika lenzi, kwa muda na joto lile lile, ili kuondoa chenga za kitambuzi. Piga nyingine ukielekeza kwenye mwanga ulio sawasawa, ili kuondoa vumbi na giza la pembeni. Programu za bure za Siril na DeepSkyStacker huziunganisha zote.

Kuhusu wekundu wa hidrojeni. Nyota kubwa changa humwaga mionzi ya urujuanimno, mionzi hiyo huvunja atomi za hidrojeni zinazoizunguka, na atomi zinapojiunga tena hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3. Kamera za kawaida huwa na kichujio cha ndani kinachokata sehemu kubwa ya mwanga huo. Picha yako ya kwanza ikitoka na mikono ya buluu bila nukta nyekundu, huenda hujakosea kitu.

Ukinunua kichujio cha hidrojeni, zingatia upana wake. M83 inatuacha kwa kasi ya takriban kilomita 500 kwa sekunde, na kwa hiyo mwanga wake umesogezwa hadi karibu nanomita 657.4. Kichujio cha nanomita 7 kitaupitisha bila shida. Cha nanomita 3 kinaweza kukata sehemu yake, nawe ukalaumu anga.

Unapochakata. Ongeza mwanga kwa hatua ndogo. Kitovu cha M83 kinang'aa kuliko mikono kwa kiasi kikubwa, na ukivuta kwa nguvu moja kitaungua kuwa duara jeupe, na upau utapotea ndani yake. Simama kila hatua uangalie kama upau bado una kingo.

## Hatua ya 10: Isome picha yako

Katikati na kwenye upau rangi ni ya njano. Nyota nyingi za hapo ni za zamani. Zile kubwa za buluu za kizazi chao zilikufa kitambo.

Kando ya upau tafuta mistari myeusi myembamba ya vumbi. Ni njia za gesi inayoporomoka kuelekea kitovuni. Gesi inapoingia ndani ya upau hugongana, hupoteza mwendo wake wa kuzunguka, na kuanguka ndani. Kitovu cha M83 kinazalisha nyota kwa kasi kwa sababu ya mtiririko huo.

Kwenye mikono utaona nukta za waridi zilizopangana, na mbele yake mawingu ya nyota za buluu. Nyota zinazowasha hidrojeni huishi miaka milioni chache tu, muda ambao haziwezi kusafiri mbali. Nukta ya waridi kwa hiyo ni mahali ambapo nyota zinazaliwa sasa. Hesabu nukta hizo kwenye picha yako na uone zimekusanyika wapi. Nyingi zitafuata mikono kuanzia pale inapoachana na ncha za upau.

Kisha fanya kazi moja zaidi. Nyota kubwa zinazozaliwa kwa wingi pia hufa kwa wingi, na katika galaksi hii supanova, yaani milipuko ya nyota zinazokufa, zimeonekana mwaka 1923, 1945, 1950, 1957, 1968 na 1983. Weka picha yako kando ya picha ya zamani ya M83 na ulinganishe nukta moja moja.

Ukiona nukta iliyozidi, kagua kwanza kama ipo kwenye picha zako zote za usiku huo. Iliyopo kwenye picha moja tu ni kasoro ya kitambuzi au miale kutoka angani iliyokigonga. Kisha angalia kama imesogea kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Inayosogea ni asteroidi. Kagua pia kwenye orodha ya Transient Name Server, ambako ugunduzi wa aina hii huandikishwa. Ikiwa haimo, andaa tarehe na saa ya UTC (saa ya kimataifa), mahali pake kamili angani na makadirio ya mwangaza wake, ipige picha tena usiku unaofuata, kisha iandikishe.